Mgonjwa kashiba na upasuaji hausubiri: bado tunabinya krikoidi au tuache?

#1 Koromeo Wazi
Wakuu, salama. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Kikao chetu cha asubuhi kiligeuka uwanja wa ngumi. Mgonjwa ana utumbo ulioziba, tumbo limevimba na kukaza, katapika tangu jana yake, na mpasuaji anasema hasubiri hata saa moja. Mimi nikasema tumlaze kwa haraka: dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli zifuatane papo kwa papo, msaidizi abinye krikoidi, ile pete ya gegedu kooni, ili ibane njia ya chakula iliyo nyuma yake mpaka mpira wa kupumulia uingie. Mwenzetu mmoja aliyehamia karibuni akasema kubinya ni mila, si tiba, na alikotoka walishaacha. Bosi akasema "binya", mjadala ukaishia hapo.

Nawauliza nyinyi mnaoshika laringoskopu, kile chombo cha kuchungulia koo, kila siku: huo mbinyo unazuia chochote, au tunautunza kwa sababu tuliukuta? Na kama hauzuii, ni kitu gani hasa kinachomwokoa aliyeshiba asipaliwe na matapishi?

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje. Nimeshika kiti cha mbele.

#3 Mpita Njia
Samahani, mimi si wa fani, nimeingia kwa udaku. Mimi nikishiba nalala fofofo mpaka asubuhi na sijawahi kupaliwa. Nyinyi mkimlaza mtu, hatari inatoka wapi?

#4 SistaZamu
@Mpita Njia, usingizi wako wa usiku unakuachia walinzi wote kazini. Msuli wa mlango wa chini wa umio unabana, zoloto linajifunga kitu kikigusa, na ukipaliwa unakohoa na kuamka. Nusukaputi inawaondoa wote kwa mpigo. Mlango unalegea, zoloto halijifungi, kikohozi hakipo. Hapo chakula hakihitaji hata kutapikwa. Kinapanda chenyewe kimyakimya mpaka kooni, na kutoka kooni kuingia kwenye njia ya hewa ni hatua fupi sana.

Kikishaingia, madhara si ya aina moja. Vipande vikubwa vinaziba hewa. Asidi inaunguza mapafu. Uchafu wa utumbo ulioziba unaleta maambukizi. Mendelson wa New York aliandika mwaka 1946 kuhusu wajawazito waliolazwa kwa gesi wakati wa kujifungua: 66 walipaliwa kati ya mimba 44,016. Watu wanamkumbuka kwa asidi, ila wawili waliokufa waliuawa na chakula kigumu kilichowaziba.

#5 Mzee wa Gesi
Sista kamaliza. Naongeza historia kwa vijana.

Sellick, London, mwaka 1961. Alibinya pete ya krikoidi kwa wagonjwa 26 waliokuwa katika hatari kubwa. 23 hawakucheua kabisa. Watatu walicheua mara tu mbinyo ulipoachiwa baada ya mpira kuingia, naye akaona ni dalili kwamba mbinyo ndio uliokuwa umezuia. Mwaka 1970 Stept na Safar wakaunganisha hatua zote: oksijeni kwanza, dawa kwa haraka, mbinyo, mpira wenye puto la kuziba nafasi pembeni yake. Tunachokifanya leo kimetoka hapo. Mimi nimebinya maisha yangu yote ya kazi na sioni sababu ya kuacha.

#6 Kichwa Ngumu
Mzee, shikamoo, lakini hapo umejifunga mwenyewe. Watu 26! Hakuna kundi la kulinganisha. Sellick mwenyewe aliwalaza kichwa chini kidogo na shingo imenyooshwa nyuma. Nani kati yetu anamlaza mgonjwa hivyo leo?

Halafu kuna picha za MRI za mwaka 2003. Takribani nusu ya watu waliopigwa picha, umio wao haukukaa nyuma ya pete ya krikoidi, ulikuwa pembeni. Ukibinya, unazidi kukwepa. Sasa unabana nini? Na juu ya hayo, mbinyo unafanya mlango wa chini wa umio ulegee. Unafunga dirisha huku unafungua mlango.

#7 Mzee wa Gesi
Marahaba kijana. Hiyo ya 2003 naijua, na jibu lake lilikuja mwaka 2009, MRI hiyohiyo. Rice na wenzake walionyesha kwamba pale nyuma ya krikoidi si umio unaobanwa, ni sehemu ya chini ya koromeo. Na sehemu hiyo imeungana na pete, vinahama pamoja kama kitu kimoja. Ikienda kushoto inaenda nayo, na bado inabanwa. Soma mpaka mwisho, usiishie pale panapokufurahisha.

#8 Ngoja Waje
Mzee kapiga hodi na kuingia bila kusubiri karibu 😂

#9 Nusukaputi
Acheni picha, tuongee wagonjwa. Ufaransa walifanya jaribio kubwa, hospitali 10, watu 3,472, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018. Kundi moja walibinywa kweli, jingine msaidizi aliweka mkono bila kubinya, na anayeingiza mpira hakuona kinachofanyika. Waliopaliwa: 0.6% kwa waliobinywa, 0.5% kwa wasiobinywa.

#10 Kichwa Ngumu
NILISEMA. Funga uzi.

#11 Nusukaputi
Usifunge, sijamaliza. Jaribio lile liliundwa kuthibitisha kwamba kutobinya si kubaya zaidi ya kubinya, na halikufika kwenye kiwango walichojiwekea. Waliopaliwa walikuwa wachache mno kiasi kwamba takwimu hazikutosha. Kwa hiyo huwezi kusema "imethibitishwa haina maana". Unaweza kusema kama ipo faida ni ndogo, basi.

Lililoonekana wazi ni gharama yake. Zoloto lilionekana vibaya kwa 10% ya waliobinywa, dhidi ya 5% ya wasiobinywa, na kuingiza mpira kulichukua muda mrefu zaidi. Hapo ndipo mimi nilipobadilika: naanza na mbinyo, lakini sioni haya kusema "achia" nikiona giza.

#12 Mama Pacha
Mimi ndiye ninayebinya, na hamjaniuliza. Naambiwa "binya" halafu kila mtu anageukia shingo ya mgonjwa. Hakuna anayesema kiasi gani, wala lini niache.

Kiasi kinachofundishwa ni nyutoni 10 mgonjwa akiwa macho, halafu 30 akishapoteza fahamu. 10 ni kama uzito wa kilo moja, 30 ni kilo tatu. Sisi tulichukua mizani ya kupimia vichanga, tukawa tunabinya kwa vidole vitatu huku tunasoma namba. Wengi walianza kwenye kilo sita, saba. Hao ndio wanaopindisha zoloto mpaka daktari analalamika haoni kitu. Wengine walikuwa kilo moja na nusu, wanagusa tu kwa heshima. Na mkono unachoka haraka, namba inashuka bila mwenyewe kujua.

Halafu mahali penyewe. Nimeona watu wanabinya tezi dume ya koo, lile gegedu la juu linalojitokeza. Krikoidi iko chini yake, unapita kijibonde kidogo ndipo unaikuta pete.

#13 Kichwa Ngumu
Tezi dume ya koo? 😂😂 Mama Pacha, hiyo imehamia lini?

#14 Mama Pacha
Kongomeo! Simu imeamua yenyewe. Endeleeni kucheka, ujumbe umefika.

#15 Ngoja Waje
Ujumbe umefika mbali kuliko ulivyokusudia.

#16 Fundi Mitambo
Mkimaliza kucheka: posti namba 12 ina maana kuliko zote hapa, kwa sababu inaonyesha tunabishania kitu ambacho wengi hata hatukifanyi sawasawa. Huwezi kujua kama dawa inafaa ikiwa nusu ya watu wanatoa nusu dozi na wengine dozi mara mbili.

Kwangu krikoidi ni jambo la nane au la tisa. Kwanza kitanda: kichwa na kifua juu digrii 20 mpaka 30. Kilichomo tumboni lazima kipande mlima, na mapafu yanapata nafasi ya kubeba oksijeni. Pili mfyonzo, na si mfyonzo ulioko ukutani. Umewashwa, umejaribiwa kwa kufyonza maji, na ncha yake iko chini ya mto upande wa mkono wako wa kulia, unaifikia bila kugeuza macho. Nimeona mgonjwa anatapika na mfyonzo unanguruma vizuri tu, ila mrija wake umebanwa na gurudumu la kitanda.

Tatu oksijeni. Dakika tatu, barakoa imekaza, hakuna upenyo. Kama mashine inaonyesha oksijeni anayotoa, subiri ifike 90%. Mapafu yaliyojaa oksijeni yanaweza kumpa mtu mzima mwenye afya hata dakika 8 kabla hajaanza kuporomoka. Mnene, mjamzito na mtoto hawafiki hapo. Ukimweka na mirija ya puani lita 15 kwa dakika wakati unatafuta zoloto, unaongeza kidogo.

#17 Mpita Njia
Nashukuru Sista. Lakini swali la kijinga tena: kwa nini msisubiri tu saa sita tumbo liishe?

#18 SistaZamu
Si la kijinga, hata wapasuaji wanaliuliza. Kanuni ya saa mbili kwa maji na saa sita kwa chakula ni ya mtu mwenye afya aliyepangiwa upasuaji. Aliyeumia, tumbo linasimama. Maumivu, hofu na dawa za maumivu jamii ya mofini vyote vinasimamisha. Mtu amekula saa moja jioni, akagongwa saa mbili. Ukimlaza saa nane usiku, hesabu kwamba bado yuko mezani. Kinachohesabiwa kwake ni muda kati ya kula na kuumia, si kati ya kula na kulazwa. Utumbo ulioziba ndio kabisa: hata usubiri wiki, juu ya kizuizi panazidi kujaa.

Na wakati unasubiri, mwenye kutoka damu anaisha.

#19 Mdadisi
Ongezeni wanaodunga semaglutidi na ndugu zake, za kisukari na kupunguza uzito. Zinachelewesha tumbo kumwaga. Unakuta mtu kafunga tangu jana na bado ana chakula. Wagonjwa hawazitaji ukiwauliza "unatumia dawa gani", kwa sababu wengi hawaziiti dawa. Uliza moja kwa moja: unadunga chochote cha kupunguza mwili?

#20 Nusukaputi
Ndiyo maana ultrasaundi ya tumbo inanivutia. Unamlaza ubavu wa kulia, unaangalia sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, karibu na ini. Ukiona vitu vigumu, jibu limepatikana. Ukiona maji tu, unapima na kukadiria. Hadi mililita 1.5 kwa kila kilo ya mwili huwa ni kawaida hata kwa waliofunga.

Vitabu vya zamani vilitutisha na mililita 25 na pH (kipimo cha ukali wa asidi) chini ya 2.5. Mnajua namba hiyo ya ujazo ilitoka wapi mwaka 1974? Asidi ilimwagwa moja kwa moja kwenye pafu la kima.

#21 Ngoja Waje
Kima hakuulizwa kama alikuwa amefunga.

#22 Mzee wa Gesi
Ultrasaundi ni nzuri ukiwa nayo na ukiwa na muda. Kwa dharura ya kweli mimi simtazami. Nahesabu kashiba, namlaza kama aliyeshiba. Sijawahi kujuta kwa kumdhania mtu ameshiba.

#23 Daktari Mtarajiwa
Shikamooni wakubwa. Mtihani uko mlangoni. Ya kulegeza misuli, suksa au rokuroniamu? Na dawa ipi ya usingizi?

#24 Nusukaputi
Kifupi. Suksamethoniamu miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, ndani ya dakika moja amelegea. Rokuroniamu miligramu 1.2 kwa kilo, kasi inakaribiana, ila inakaa saa nzima au zaidi. Ketamini 1 hadi 2 kwa kilo kwa mwenye presha dhaifu. Propofoli inashusha presha, aliyepoteza damu inaweza kummaliza. Kwa aliye kwenye mshtuko punguza dawa ya usingizi, lakini usipunguze ya kulegeza: damu inazunguka polepole, dawa inachelewa kufika, ukipunguza utakuta mgonjwa analegea nusunusu na kukoroga tumbo zima.

Hilo la mwisho liandike kwenye daftari. Anayetapika wakati unachungulia mara nyingi ni yule ambaye dawa haikumkolea.

#25 Mzee wa Gesi
Suksa. Ukishindwa kuingiza mpira, inaisha yenyewe, mgonjwa anapumua, mnaongea kesho.

#26 Kichwa Ngumu
Mzee, hiyo ndiyo hekaya iliyoua watu. Suksa inaisha baada ya dakika kadhaa, sawa. Lakini wengi oksijeni yao inaisha kabla. Hawi macho kukusubiri. Ukishindwa, unahitaji mpango, si saa ya ukutani.

Na usisahau potasiamu, ambayo suksa huipandisha kwenye damu. Aliyeungua juzi au wiki iliyopita, aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo, mwenye ugonjwa wa misuli: suksa inaweza kusimamisha moyo. Rokuroniamu haina hayo, na sugamadeksi miligramu 16 kwa kilo inaitengua ndani ya dakika chache.

#27 Mzee wa Gesi
Ukiwa nayo. Kabatini kwetu haipo, iko kwenye mawasilisho ya mikutano.

#28 Kichwa Ngumu
Hapo nakukubalia. Weka tarehe, ni mara ya kwanza.

#29 Peke Yangu
Nasoma nacheka kwa uchungu. Mnaongea mtu wa kubinya, mtu wa dawa, mtu wa mfyonzo. Mimi nikiangalia kushoto ni ukuta, kulia ni mpasuaji. Mimi naweka ketamini, mgonjwa anapumua mwenyewe, walinzi wake wa koo wanabaki. Simpi mpira, simpi ya kulegeza. Mambo yanaenda.

#30 SistaZamu
@Peke Yangu naheshimu mazingira yako, ila sentensi moja isipite hivihivi. Ketamini haiwahakikishi walinzi. Inaongeza mate, zoloto linaweza kujibana, na mtu akacheua palepale akavuta ndani. Kwa mkato wa jipu kwa asiyeshiba, sawa. Kwa utumbo ulioziba unampa usingizi mrefu bila kizuizi chochote kati ya tumbo na pafu. Puto la mpira ndilo kizuizi pekee ambacho hapa hakuna anayekibishia.

Kama mkato uko chini ya kitovu na hajapoteza damu, sindano ya mgongo. Anabaki macho, anajilinda mwenyewe. Kwa upasuaji wa kujifungua ndiyo njia ya kwanza inapowezekana, na mabadiliko hayo yamepunguza sana akina mama wanaopaliwa.

#31 Peke Yangu
Sindano ya mgongo naitumia kila nafasi. Nazungumzia yule ambaye presha yake iko 70 na tumbo limejaa damu. Huyo sindano ya mgongo inamwangusha. Ndiyo maana natumia ketamini.

#32 Fundi Mitambo
Huyo mpe ketamini, kidogo, halafu suksa, halafu mpira. Msaidizi wa krikoidi huna, basi krikoidi iache. Kichwa juu, mfyonzo mkononi, oksijeni ya kutosha. Mtu asiyebinywa lakini aliyeandaliwa yuko salama kuliko aliyebinywa na mtu asiyejua anabinya nini.

#33 Kichwa Ngumu
Kula tano, Fundi.

#34 Mama Pacha
Mpira wa puani unaoshuka mpaka tumboni mbona hamuusemi? Huyo wa utumbo ulioziba, mimi nikiwahi nauingiza nafyonza kwanza. Nimetoa zaidi ya lita moja ya kijani kwa mtu aliyeapa kwamba "tumbo liko tupu, nimetapika yote".

#35 Mdadisi
Sellick alishauri utolewe kabla ya kumlaza, eti unaacha mlango wa umio wazi. Baadaye ikaonekana unaweza kuachwa, hauharibu mbinyo. Kuna wanaoutoa, kuna wanaouacha ukiwa wazi ili upumulie juu. Ila ule mpira hautoi nyama na mboga. Umefyonza maji yote, vipande vimebaki. Usidanganyike kwamba sasa hajashiba.

#36 Koromeo Wazi
Nashukuru wote. Kuna jambo limenibana: katika zile sekunde 60 kati ya dawa na mpira, tunaambiwa tusimpulizie hewa kwa mfuko, tusije tukajaza tumbo. Lakini mwingine oksijeni ya damu inashuka, tayari iko 85%. Nimwangalie?

#37 Nusukaputi
Mpulizie taratibu. Jaribio la Marekani la 2019 kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, watu 401. Waliopuliziwa kwa mfuko, 10.9% walishuka vibaya oksijeni, wasiopuliziwa, 22.8%. Kupaliwa kulikoonekana hakukuzidi: 2.5% dhidi ya 4.0%.

#38 SistaZamu
Ongeza kwamba wale ambao daktari aliona ni hatari kuwapulizia, mfano wanaotapika palepale, hawakuingizwa kwenye jaribio. Usilibebe hilo jaribio ukamtwika mwenye utumbo ulioziba kana kwamba liliandikwa kwa ajili yake.

#39 Nusukaputi
Kweli kabisa. Hata hivyo 85 inayoshuka inaua kwa uhakika, matapishi yanaua kwa kubahatisha. Shinikizo dogo, chini ya sentimita 15 za maji, mikono miwili kwenye barakoa. Sellick mwenyewe aliruhusu kupulizia huku mbinyo umekaa, kwa sababu mbinyo huohuo unazuia hewa isiingie tumboni. Hiyo ni faida ya krikoidi ambayo @Kichwa Ngumu ameiruka. Mwishoni mwa karne ya 18 tayari walikuwa wanabinya koo la waliozama majini wakati wa kuwapulizia, ili hewa isiende tumboni.

#40 Kichwa Ngumu
Nimeiruka kwa makusudi, nilijua mtaileta.

#41 Dada wa Watoto
Kwa watoto hatuna mjadala. Mtoto mdogo anashuka kabla hujamaliza kuhesabu. Tunamlegeza kabisa, tunapulizia kidogokidogo, tunaingiza mpira bila papara. Krikoidi kwa kichanga ukibinya kidogo tu umefunga njia yenyewe ya hewa. Wengi wetu tumeiacha. Haraka ndiyo inayowaua, na jina lenyewe "kulaza kwa haraka" linawapa vijana mikono ya kutetemeka.

#42 Mpita Njia
Kwa udaku wangu nimegugo: eti mtu wa kwanza kufa kwa dawa ya usingizi alikuwa msichana aliyeng'olewa ukucha?

#43 Mzee wa Gesi
Hannah Greener, miaka 15, kaskazini mwa Uingereza, Januari 1848. Klorofomu ya kuondoa ukucha wa kidole cha mguu. Alipobadilika rangi wakampa maji na brandi mdomoni. Simpson, aliyeieneza klorofomu, alisema amekufa kwa kupaliwa na hivyo alivyonyweshwa. Wengine walisema klorofomu ilisimamisha moyo. Mpaka leo wanabishana. Kwa hiyo uzi huu una miaka zaidi ya 170, msijione wapya.

#44 Daktari Mtarajiwa
Na akishapaliwa? Wote mnasema jinsi ya kuzuia.

#45 SistaZamu
Kichwa kishuke, mgeuze ubavu kama inawezekana, fyonza mdomo na koo. Ingiza mpira, fyonza ndani ya mpira KABLA ya kupulizia, usije ukasukuma uchafu ndani zaidi. Oksijeni 100%. Kama ni vipande, vinatolewa kwa bronkoskopu, kamera nyembamba inayoingia njia ya hewa. Steroidi hazisaidii, antibiotiki si za kumwaga siku ya kwanza kwa kila mtu. Utumbo ulioziba ni habari nyingine.

Utafiti wa hospitali ya Mayo, Marekani, wa 1993, walilaza watu mara 215,488: mara moja kati ya 3,216 mgonjwa alipaliwa. Kwa dharura peke yake, mara moja kati ya 895. Wengi, 42 kati ya 66 waliofuatiliwa, hawakuonyesha dalili yoyote ndani ya saa mbili, na hao hawakupata shida ya mapafu baadaye. Kwa hiyo saa mbili za kwanza ndizo za kukaa naye.

#46 Fundi Mitambo
Na jamani, kumwamsha! Sehemu kubwa ya waliopaliwa katika utafiti huo ilikuwa wakati wa kuingiza mpira AU kuutoa. Watu wanajipanga jeshi zima kuingia, kutoka wanaaga huku wanafunga begi. Aliyeshiba anatolewa mpira akiwa macho, anafuata maagizo, amekaa kichwa juu au ubavu, mfyonzo bado umewashwa.

#47 Koromeo Wazi
Nimeandika yote. La mwisho kwa leo: mbinyo umekaa, mpira umekataa mara mbili, nataka kuweka barakoa ya zoloto, ile inayokaa kooni juu ya mlango wa hewa. Msaidizi aendelee kubinya?

#48 Mzee wa Gesi
Aendelee. Hapo ndipo hatari iko juu kabisa.

#49 Nusukaputi
Hapana Mzee. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 kuhusu njia ngumu ya hewa unasema mbinyo uachiwe wakati wa kuiweka, kwa sababu ncha ya barakoa inakaa palepale unapobinya. Ukishikilia, haishuki. Hewa kwanza.

#50 Mzee wa Gesi
Nabinya nusu basi.

#51 Mama Pacha
Nusu ya kilo ngapi, Mzee?